Wamama wanasema samaki wangu ni GMO ati hawana mayai, nifanyeje?

BintiGanda: Asalaam aleikum wadau. Niko huku Ganda, Malindi, nafuga ngege kwa kidimbwi nyuma ya nyumba, huu mwaka wa pili. Mara ya kwanza vifaranga nilivyochukua kwa jirani vilizaana mpaka kidimbwi kikajaa visamaki kama kidole, sikuuza kitu. Mara hii nikaenda kwa mtu mwengine akaniambia chukua hawa, mbegu iliyoboreshwa, wote madume, na kweli miezi saba wamefika gramu 300, wamenona, wako sawasawa wote. Sasa kuna mama mteja wangu wa siku zote, hukaanga samaki jioni pale steji, juzi kachukua kilo 10, kapasua wa kwanza hakuna mayai, wa pili hakuna, akawapasua wote pale pale karaini akaniambia mwanangu, samaki wote hawa na hakuna hata mwenye yai, hawa wametengenezwa, hii ndio GMO. Neno limefika mpaka Maweni. Nimebaki na kama kilo 60 majini wanakula chakula cha pesa kila siku, na mimi mwenyewe nshaingiwa na hofu manake wanangu wanawala. Ni GMO kweli?

Fundi_Vidimbwi: Pole dada. Sio GMO. GMO ni kiumbe, mmea au mnyama, aliyebadilishwa jeni maabara. Samaki wa hivo wa kwanza kuruhusiwa kuliwa ni samoni, Marekani walimkubali 2015, alitiwa jeni ya kukua ya samoni wa Chinook, na kipande cha jeni ya samaki mwengine wa bahari zenye baridi kali cha kuiwasha mwaka mzima, akawa anafika sokoni kwa mwaka na nusu hivi badala ya mitatu. Wako ni monoseksi, yaani wa jinsia moja. Vifaranga wakianza tu kula hupewa chakula chenye homoni ya kiume wiki tatu nne, ambao wangekuwa majike wanageuka madume. Jeni haikuguswa, na mayai yatatoka wapi?

Nahodha wa Shela: Hapo ndipo mnapotupoteza nyinyi wataalamu. Yule mama hajui jeni wala hana haja nayo, anachouliza ni kama samaki amechezewa, na amechezewa. Sisi tumezoea changu na tafi, unajua katoka mwamba gani. Sisemi ni haramu, lakini mtu aambiwe kabla hajatoa pesa.

Fundi_Vidimbwi: Aambiwe, sikatai. Lakini aambiwe yote, homoni inaishia wiki ya nne, samaki anavuliwa mwezi wa saba, imeshatoka mwilini zamani. Wa kuhofiwa zaidi ni yule anayechanganya hicho chakula bila glavu, na maji ya hapo yanapomwagwa.

Mwl_Gede: Watu wana sababu ya kuogopa hilo neno. Serikali ilizuia GMO 2012, ikafungua Oktoba 2022, kesi zikaenda kortini, na hakuna aliyekaa na wamama sokoni akawaeleza. Hata huyo samoni walimfuga kwa matangi ya nchi kavu, majike tasa, kwa kuogopa asitoroke akachanganyika na wa porini, kwa hivo hata wenyewe hofu walikuwa nayo. Mimi kumtia mnyama jeni ili anenepe haraka siungi mkono. Lakini kuna mbuzi walitiwa jeni ya binadamu, maziwa yao yakatoa dawa ya watu ambao damu yao huganda ovyo, Marekani waliipitisha 2009, na hapo kwa kweli siwezi kusema wangeacha.

Bi_Saumu: Mwanangu nenda kwa huyo mama mwenyewe, usimtumie mtu. Na hilo neno la mbegu iliyoboreshwa liache, ndilo lililokuponza.

BintiGanda: Shukran sana wote. Nimeenda jana jioni. Nimemweleza homoni na zile wiki nne bila kuficha. Akanyamaza kitambo, akaniuliza wewe wawala? Nikachukua wawili nikawakaanga kwa karai lake, nikala pale pale. Amechukua kilo 2, ati za nyumbani kwake kwanza, za steji tutaona.