Kuingia bandari ya Kiwira (Kyela, Ziwa Nyasa) mara ya kwanza na boti ndogo

Usipa Mkavu: Wakuu, boti ya faiba ya mita 7, mashine ya farasi 40, inatoka Mbamba Bay kuja Kiwira mwezi Julai. Nahodha anaujua upande wa Ruvuma tu. Aangalie nini?

Mzee wa Ngonga: Mkuu, wa huko wameshazoea maji marefu. Chini ya milima ya Livingstone kina kinaanzia pale pale ukingoni. Kyela ni tambarare: mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga mchanga, na mafungu yanahama kila masika, kwa hiyo alama za GPS za mwaka jana asizitegemee. Karibu na midomo ya mito maji ni ya udongo, jicho halioni chini. Awe na bildi: kamba yenye fundo kila mita na kipande cha risasi cha kilo 2 mwishoni, mtu mmoja akae omo (mbele ya boti) apime. Ikisoma mita 2, apunguze mwendo, ainue mashine kidogo. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa kukunasua, na kuanzia Juni linashuka tu hadi mvua zirudi.

Mwera Mkali: Kina ni nusu ya kazi. Julai ni msimu wa upepo wa mwera. Unavuma kutoka kusini, Kyela iko kichwani mwa ziwa, mawimbi yanakuja na nguvu ya safari nzima na kuvunjikia kwenye fungu. Wimbi la nyuma likiinua tezi (nyuma ya boti), boti inageuka ubavu na kupinduka. Aingie asubuhi mapema. Akiona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbele, ageuke akiwa bado kwenye maji marefu. Kugeukia katikati ya mstari ndiko kunakoua. Usiku asijaribu kabisa, taa za wavuvi wa usipa (dagaa wa ziwa hili) zinachanganywa na za bandari, na nyavu ziko kila mahali.

Mzee wa Ngonga: Kweli. Akifika gatini: matairi pande zote mbili, kamba mbili za mita 15, aje akiuelekea upepo, gia huru mita chache kabla, afunge ya omo kwanza. Asikae nafasi ya meli, apige simu ofisini mapema aulize. Akitia nanga nje, amari (kamba ya nanga) iwe mara 5 ya kina, mwera ukivuma mara 7. Kina cha mita 3 ni mita 15 hadi 21.

Usipa Mkavu: Ndaga fijo (asante sana). Mashine ikivuta mchanga?

Mwera Mkali: Aangalie kijimfereji cha maji ya kupoozea. Kikidhoofika azime, ainue, azibue tundu. Impela (feni ya pampu ya maji hayo) ya akiba iwe botini.