Fedha za utafiti zimegeuzwa fimbo ya kuwanyamazisha wanafunzi Marekani, na vyuo vinalipa ili visichapwe

Ndugu wanajukwaa, nimesoma vya kutosha watu wakitetea jambo lisiloteteka, na naandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Lalamiko langu ni kwamba tangu Machi 2025 serikali ya Marekani imekuwa ikizuia fedha za utafiti wa tiba na sayansi ili kuvilazimisha vyuo vikuu viwabane wanafunzi wanaoandamana, na inafanya hivyo kwa kuuruka utaratibu uliomo katika sheria ileile inayodai kuitekeleza.

Chuo Kikuu cha Columbia ndicho kilichotangulia. Tarehe 3 Machi serikali ilitangaza kwamba inaanza kuzipitia ruzuku na mikataba ya chuo hicho, na siku 4 baadaye ikafuta zenye thamani ya takriban dola milioni 400, kwa maelezo kwamba uongozi ulishindwa kuwalinda wanafunzi Wayahudi katika kipindi cha maandamano ya kupinga vita vya Gaza. Haikupita wiki ikaja barua ya masharti: barakoa zipigwe marufuku, taratibu za nidhamu zibadilishwe, na idara inayofundisha masuala ya Mashariki ya Kati, Asia Kusini na Afrika iondolewe mikononi mwa wahadhiri wake kwa angalau miaka 5. Hilo la mwisho lisomeni mara mbili. Serikali inamwambia mwajiri ambaye si wake kwamba idara fulani ya taaluma isijiongoze tena, la sivyo watafiti wa magonjwa wakose fedha.

Asije mtu kuniambia kwamba napuuza chuki dhidi ya Wayahudi. Mwanafunzi Myahudi aliyezuiwa njia, aliyetukanwa au kutishwa kwa sababu ya asili yake anastahili ulinzi, na chuo kilichomtelekeza kinastahili kuwajibishwa. Lakini njia ya kukiwajibisha ipo tangu mwaka 1964. Sheria ya Haki za Kiraia, inayokataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali, inataka kwanza chuo kipewe taarifa na nafasi ya kujirekebisha kwa hiari, kisha kisikilizwe, kosa lithibitishwe kwa kumbukumbu za maandishi, ripoti ipelekwe kwa kamati za Bunge, na siku 30 zipite. Na hata baada ya hapo, fedha zinazokatwa ni za programu ile tu iliyothibitika kubagua. Waliotunga masharti hayo walijua vizuri mtawala mwenye hasira anaweza kufanya nini akiachiwa mfuko wa taifa. Ni nani kati yenu anayeamini kwamba hatua zote hizo zinatosha ndani ya siku 4?

Kinachonikera zaidi ni kwamba Columbia ilikubali. Tarehe 21 Machi uongozi wake uliridhia sehemu kubwa ya masharti, na mwezi Julai ukasaini makubaliano ya kulipa dola milioni 200 kwa miaka 3, pamoja na milioni 21 nyingine za kumaliza madai ya wafanyakazi. Baada ya hapo Chuo Kikuu cha Brown kikaafiki dola milioni 50, na kile cha Cornell kikafuata kwa jumla ya milioni 60. Chuo chenye hazina ya mabilioni kikipiga magoti kabla hata ya kwenda mahakamani, vyuo vidogo visivyo na mawakili wa kutosha vitapata wapi ujasiri?

Chuo Kikuu cha Harvard kiliyakataa masharti kama hayo tarehe 14 Aprili, na siku hiyohiyo zaidi ya dola bilioni 2.2 zikazuiwa. Kilikwenda mahakamani, na tarehe 3 Septemba Jaji Allison Burroughs akaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka sheria na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, akasema wazi kuwa vita dhidi ya chuki vilitumika kama kisingizio cha kuvishambulia vyuo kwa sababu za kiitikadi.

Na wanafunzi wenyewe? Rümeysa Öztürk, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Tufts kutoka Uturuki, alishiriki kuandika makala katika gazeti la wanafunzi akiutaka uongozi uyatambue maazimio ya baraza la wanafunzi dhidi ya Israel. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Machi 2025, alikamatwa barabarani na maofisa wasiovaa sare, baadhi yao wakiwa wamefunika nyuso, akasafirishwa hadi Louisiana na kuzuiliwa kwa zaidi ya wiki 6. Serikali inayodai wanafunzi wasifunike nyuso wakiandamana iliwatuma watu waliofunika nyuso kumkamata mwandishi wa makala! Mahmoud Khalil, mmoja wa viongozi wa maandamano ya Columbia na mkaazi wa kudumu kisheria, alizuiliwa kwa zaidi ya miezi 3 na mwanawe akazaliwa yeye akiwa kizuizini. Mwishoni mwa Septemba Jaji William Young aliamua kwamba wageni walio nchini humo kihalali wana uhuru wa kusema sawa na raia, lakini uamuzi huo haurudishi hata siku moja kati ya hizo.

Kwa wale wanaoshangilia kwa sababu tu hawawapendi waandamanaji, nawakumbusha kwamba mwaka 2024 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kuwa ofisa wa serikali haruhusiwi kutumia vitisho dhidi ya taasisi binafsi ili ziadhibu maoni asiyoyapenda. Aliyelalamika katika kesi ile alikuwa chama cha watetezi wa bunduki, na wengi wenu mlifurahi. Kanuni ni ileile.

Anayetaka kuitetea serikali hapa asiniletee picha za mahema ya waandamanaji. Aniambie ni maabara ipi, kati ya zile zilizonyimwa fedha, iliyothibitika kumbagua mwanafunzi Myahudi, na ilithibitishwa katika kikao gani.