Detekta ya kujitengenezea inalia kila mahali katika shamba lenye moramu, Usoke

Msuka Mota

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi ni fundi wa kusuka mota, na shamba la tumbaku la mjomba wangu liko upande wa Usoke, mwendo mfupi kutoka reli ya kati. Tangu utotoni tumekuwa tukiokota maganda ya risasi kwenye matuta kila mvua za kwanza zinaponyesha, na wazee husema ni ya vita vya Mjerumani na Mbelgiji. Mwezi uliopita nilitengeneza detekta ya kutafutia chuma ardhini, ya osileta mbili (saketi zinazotoa mitetemo ya umeme), ambayo sauti yake hubadilika koili, yaani waya uliozungushwa, inapokaribia chuma. Asubuhi inafanya kazi vizuri, lakini jua likishapanda sauti inahama yenyewe hata nikiiinua hewani, na nikiigusisha kwenye majani yenye umande inapiga kelele kana kwamba nimekanyaga ghala la silaha. Kwenye moramu ndiyo hainyamazi kabisa. Hadi sasa nimepata maganda saba, misumari isiyo na idadi, risasi moja ambayo kichwa chake bado kimo, na kitu cha duara chenye kutu, ukubwa wa ngumi, ambacho nimekiacha shimoni. Je, tatizo ni koili au ni udongo?

Koili 26

Ndugu Msuka Mota, ni vyote viwili. Osileta yako inahama kwa sababu joto hubadilisha koili na kapasita (kifaa cha saketi kinachohifadhi chaji ya umeme), na katika mashine ya aina hiyo badiliko dogo sana la masafa linatosha kusikika. Kelele ya umande ni suala jingine: majani mabichi yanaongeza kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, kwenye koili isiyokingwa. Ifunge koili kwa karatasi ya alumini ya jikoni, lakini acha pengo la sentimita moja hivi ili karatasi isikutane na kufanya pete kamili, kwa maana pete kamili inakuwa kama mzunguko wa waya uliounganishwa ncha kwa ncha, nayo itameza nguvu yote ya koili. Lehemu haishiki kwenye alumini, kwa hiyo zungushia waya mtupu juu ya karatasi, kisha uupeleke kwenye hasi ya saketi.

Kuhusu moramu, ile rangi nyekundu ni oksaidi za chuma, na mashine yako haina njia ya kuzitofautisha na msumari. Kwa udongo wetu ningekushauri uhamie kwenye mfumo wa mapigo, ambao unapeleka umeme kwenye koili kwa muda mfupi sana, unaukata ghafla, kisha unasikiliza mwangwi wa chuma baada ya koili yenyewe kutulia. Koili ya sentimita 25 yenye mizunguko 26 hivi ya waya wa kusukia mota inafaa, na waya huo unao tayari. Moramu kali itaisumbua hata hiyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Usitarajie ikuambie kama ni ganda au msumari; na karibu na reli utachoka, kwa kuwa Wajerumani walitumia mataruma ya chuma, na boliti na vipande vyake vimezagaa. Isitoshe, eneo la hifadhi ya reli si la kuchimbwa.

Mnunuzi wa Uhakika

Ukipata rupia ya Mjerumani, hasa ile inayovuta mchele, nitafute faragha.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mnunuzi, mchele hauvutwi na dhahabu wala shaba, na waliouziwa hadithi hiyo wamepoteza ng'ombe na mashamba. Sarafu ya kweli ya hapa ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 wakati fedha kutoka Ujerumani haikuweza kufika tena.

Sasa mwanangu Msuka Mota, nisikilize kuhusu hicho kitu cha duara. Kifukie kwa udongo laini bila kukigeuza, weka alama ya matawi, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji na polisi leo hii. Baruti na viwashio vilivyozikwa miaka mia na zaidi havifi kwa kuzeeka. Vingine huwa vyepesi kulipuka kuliko vilipokuwa vipya. Risasi yenye kichwa nayo usiitie mfukoni wala usiitoboe, maana kuwa nayo bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Hayo maganda ndiyo yenye mazungumzo. Wabelgiji, ambao askari wao wengi walikuwa Wakongo, waliiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, wakaifuata reli kuelekea mashariki, na Tabora ikaangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba. Pima ganda kwa kipimo cha fundi. Likiwa na urefu wa milimita 57, na kitako kisichozidi unene wa mwili wake, ni la bunduki ya Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92. Likiwa nene, la milimita 60, na ukingo wa kitako umetokeza nje, huenda ni la ile Mauser ya mwaka 1871, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito uliomfichua askari aliyejificha kichakani. Ukiandika ni tuta gani kila ganda limetoka, baada ya mwaka utaweza kuona safu ya wapigaji ilikaa wapi. Ukiyamwaga yote kwenye kopo moja, umebaki na shaba chakavu. Kuchimba kwa makusudi ya kutafuta mabaki ya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo kabla ya kuendelea waandikie Idara ya Mambo ya Kale.

Msuka Mota

Ahsanteni sana. Nimekifukia, na mwenyekiti amefika na askari wawili ambao wamezungushia kamba na kutuamuru tusilime tuta hilo hadi wataalamu waje; risasi nimewakabidhi. Mjomba amenuna, kwa kuwa miche ya tumbaku inasubiri. Maganda matano yamepimwa milimita 57, na mawili yana ukingo. Yote mawili yalitoka kwenye tuta lililo karibu na mwembe.

Koili 26

Ukishapata kibali na ukawa tayari kufunga saketi ya mapigo, niandikie. Transista ya kukata umeme usinunue ya bei rahisi, inaungua siku ya kwanza.