Eti tatizo ni mikono yangu! Huyu wa mashine ya juisi leo kanigusa pabaya

Asali Chungu (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za saa hizi. Mnisamehe nikikosea herufi, mikono bado inatetemeka, na ndiyo hiyo hiyo mikono iliyotukanwa.

Yule wa mashine ya juisi. Simtaji, mnamjua. Yule wa aproni ya kijani, anayeanza kila video kwa kunusa tufaha kama ananusa kichwa cha mtoto mchanga. Dakika 20 zilizopita kaniandikia hadharani, chini ya video yake, watu wote wakisoma: "Dada, mashine haina tatizo. Tatizo ni mikono yako." Akaweka na vikaragosi vitatu vya kucheka mpaka machozi. Kisha jibu lenyewe akalibandika juu kabisa, ili kila anayepita alikute kwanza.

Mikono yangu!

Ngoja niwasimulie. Nilinunua kwake ile ndogo, ya bei rahisi, inayokamua polepole, inayokaa kwenye kona ya meza hata usiione. Jiko langu ni dogo na blenda ilikuwa inaamsha nyumba nzima. Kwa kelele sitamsingizia, hii inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Lakini kwenye video bwana anatumbukiza karoti nzima nzima, juisi inashuka kama mto, machicha yanatoka makavu utadhani vumbi la mbao. Kwangu mimi, mdomo wa mashine unapitisha vidole viwili, basi. Karoti nikazichana vijiti vyembamba kama penseli. Nikaingiza kimoja, nikasubiri. Nikaingiza cha pili, nikasubiri. Nimeota mvi pale. Cha sita mashine ikaguna, ikasimama. Nikapiga rivasi, ikatema, ikaendelea, ikasimama tena. Kufungua ndani, nyuzi za tangawizi zimejiviringisha kwenye ile skrubu kubwa kama nywele kwenye kitana, na chujio limeziba tundu kwa tundu. Nimekaa na sindano nazibua kimoja kimoja kama natoa mwiba mguuni.

Na yale machicha "makavu"? Nikayakusanya kwenye kitambaa, nikayaminya, ikatoka nusu glasi nyingine. NUSU GLASI. Kwa mikono hii hii anayosema ndiyo tatizo!

Nikamwandikia kwa adabu zote: "Habari kaka, naomba msaada, mashine inakwama na machicha yanatoka mabichi." Nimesema kaka. Nimesema naomba. Jibu ndiyo hilo na vikaragosi vyake vitatu.

Mikono hii imelea, imefua, imekanda, imeuguza wagonjwa. Haijawahi kushindwa na karoti.

Povu ruksa, leo sijali.

Mzee wa Jagi:

Uzi tayari. Nimekaa kitako, mwenye bisi asogee huku.

Kitana Chuma:

Si ni yule anayesema "tamu haina mfano" na hajawahi kumeza mbele ya kamera hata siku moja? Glasi inafika mdomoni, video inakatika. Mimi kanijibu mwezi uliopita. Nilimwambia mashine inavuja kwa chini, akaniambia "pengine ni machozi yako". Nikahangaika siku mbili kumbe ile raba ndogo ya chini ya bakuli ilikuwa imejikunja, haikukaa vizuri. Sentensi moja tu ingenisaidia: "angalia raba". Yeye kachagua machozi.

Chizi wa Limau:

Dada, weka picha ya hiyo mikono tuamue kwa haki.

Fundi Mota:

Poleni. Mimi hizi mashine nazifungua kila wiki, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Hiyo skrubu inazunguka polepole makusudi, nyingi ni kati ya mizunguko 40 na 100 kwa dakika, wakati zile za visu vya kasi zinakwenda maelfu kwa maelfu. Mota ya ndogo mara nyingi ni ya wati 150 hadi 200 tu. Ukiijaza, inakaba. Tangawizi na seleri kata vipande vifupi kwa kukingama na nyuzi, kama sentimita moja au mbili, usiache nyuzi ndefu maana ndizo zinazojifunga. Changanya kigumu na chenye maji: karoti, tango, karoti, tango. Na usisukume kwa nguvu, skrubu inavuta yenyewe. Halafu soma kijitabu, nyingi zinataka zipumzishwe baada ya dakika 10 hadi 20 za kazi.

Asali Chungu:

Fundi nashukuru kwa adabu yako, lakini soma nilichoandika. NILIKATA. Kama penseli! Kijitabu changu kinasema dakika 15, mimi nilizima ya 12 kwa sababu ilianza kunuka kama waya unaoungua. Tango nisingejua, hilo kweli. Lakini mbona yeye hakuniambia tango? Wewe hunijui na umeniandikia aya nzima. Yeye pesa yangu kaila na kaniandikia mikono.

Na vikaragosi VITATU. Kimoja ningevumilia.

Chizi wa Limau:

Bado tunasubiri picha.

Saa Mbovu:

Nimeenda kuiangalia hiyo video. Nyuma yake kuna saa ya ukutani, wakuu. Karoti ya kwanza inaingia saa nne na dakika tano. Anasema "tazameni, sekunde chache tu", kamera inahamia kwenye jagi, jagi limejaa, kamera inarudi: saa nne na dakika thelathini na tatu! Karoti za mezani zilikuwa nane, sasa ziko mbili, na ameshabadilisha hata upande wa kufunga aproni.

Mzee wa Jagi:

Hahahaha aproni! Huyu jamaa hatari. Sekunde chache za kwake ni usingizi wa mchana kwa sisi wengine.

Kitana Chuma:

Na zile karoti anazotumbukiza nzima tazameni vizuri zinapoingia, haoneshi mdomo wa mashine hata mara moja. Mkono unashuka, karoti inapotea nyuma ya tufaha. Mdomo wa vidole viwili unameza vipi karoti ile nene? Labda aliitafuna kwanza.

Asali Chungu:

MNAONA? Kumbe mikono yake ndiyo ya kuchunguzwa! Mimi yangu iko wazi, kila kidole. Kwa taarifa yako Chizi wa Limau, sasa hivi ni ya rangi ya karoti mpaka ndani ya kucha, nimesugua kwa sabuni mara tatu haitoki. Watu watadhani nimeingia kwenye dhehebu jipya.

Kitana Chuma:

Dada, paka mafuta ya kupikia kidogo, sugua, ufute na kitambaa kikavu ndipo unawe sabuni. Rangi ya karoti inayeyuka kwenye mafuta, maji haiyajui. Hata bakuli la plastiki la mashine likibadilika rangi lifanyie hivyo hivyo.

Asali Chungu:

Imetoka. Mungu akubariki. Sasa hii nayo, neno moja la msaada, ingemgharimu nini?

Bingwa wa Blenda:

Mimi niseme ukweli mchungu. Mnajitesa bure. Blenda, maji kidogo, chujio la chai, dakika mbili umemaliza. Hizi habari za mashine za polepole kukamua kwa "baridi baridi" ni maneno ya kuuzia. Eti visu vya kasi vinapika vitamini! Juisi yangu ikitoka kwenye blenda ni baridi vile vile, nimeishika kwa mkono.

Chizi wa Limau:

Kwa mkono? Hapana, usiseme mkono kwenye uzi huu.

Fundi Mota:

Bingwa uko sahihi nusu. Kisu hakipiki juisi kwa dakika moja, joto linaloongezeka ni kidogo. Kinachobadilika ni hewa. Kasi inaingiza hewa nyingi, ndiyo maana unapata povu refu na juisi inajitenga upesi. Juisi ya tufaha kugeuka kahawia ni kimeng'enya cha tunda lenyewe kukutana na oksijeni, hata ya polepole itageuka, inachelewa tu. Ukitia limau kidogo inachelewa zaidi. Na tukitaka kuwa wakali wa majina, ya kukamua kwa baridi hasa ni ile inayosaga kwanza halafu inabana kwa vyuma viwili, kama ile ya Norwalk aliyoianzisha Norman Walker kule Marekani miaka ya 1930. Hizi zetu ndogo zinatafuna kwa skrubu. Zinatafuna vizuri, lakini ni kutafuna.

Bingwa wa Blenda:

Basi mimi natafuna karoti kwa meno, nimekamua kwa baridi.

Pakiti Tupu:

Mnanikumbusha Juicero, wakuu. Mwaka 2016 Marekani walitoa mashine ya juisi ya nyumbani inayounganishwa na intaneti. Unanunua pakiti zao zenye matunda na mboga zilizokatwa tayari, unaweka ndani, mashine inabana. Wawekezaji walikuwa wamemwaga zaidi ya dola milioni 100 humo. Aprili 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg wakaonyesha kwamba pakiti unaweza kuiminya kwa mikono mitupu na juisi ikatoka karibu ile ile, tena kwa muda mfupi zaidi. Septemba mwaka huo huo wakafunga biashara.

Asali Chungu:

KWA MIKONO!!! Someni tena! Mamilioni ya dola yameshindwa na mikono, halafu mtu wa aproni anikebehi mimi mikono! Naenda kumbandikia hii chini ya video yake sasa hivi.

Asali Chungu:

Kanifungia. Jibu lake lakini bado lipo pale juu, kalibandika. Sioni tena, nimetumia simu ya mdogo wangu ndiyo nimeliona. "Tatizo ni mikono yako." Watu 200 na kitu wamelipenda.

Mzee wa Jagi:

201, nimebonyeza kwa bahati mbaya. Nimeshalitoa dada, usinilaani.

Jirani Mwema:

Bora nyie mnagombana na wa kwenye simu. Mimi nina mtu wa ukuta wa pili, saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu, VRRRRRRR. Blenda. Barafu humo ndani! Nani anasaga barafu alfajiri? Nilidhani wanatoboa ukuta kunifuata. Nikamgongea, akaniambia "afya kwanza jirani". Afya ya nani? Naomba mtu amuuzie huyu mashine ya polepole, hata ikwame, ikwame kabisa.

Bingwa wa Blenda:

Jirani, mbona unanitazama mimi?

Jirani Mwema:

Unakaa wapi kwani?

Bwana Chujio:

Wakuu, mimi nina langu na halina uhusiano na yule wa aproni. Nyumbani kwetu mashine tunayo, inakamua vizuri kabisa, hilo halina ubishi. Shida ni chujio. Mke wangu anakamua, anakunywa, anasema "nitaosha baadaye". Baadaye yake nimeijua, ni mimi. Nakuta machicha yamekaukia kwenye tundu yamekuwa kama saruji. Vipande saba vya kuosha kwa glasi moja ambayo sikuonja!

Mama Brashi:

Pole sana, lakini wa kwangu ni mume. Yeye haachi chujio peke yake, anaacha mashine nzima mezani na machicha ndani, anafunika na kitambaa kama maiti ili nisione. Juzi nimefunua baada ya siku mbili. Jamani. Jamani!

Bwana Chujio:

Siku mbili ni nyingi, hapo nakuunga mkono. Lakini anayekamua ndiye anayeosha, au anayekunywa?

Mama Brashi:

Anayekamua! Ukimaliza mimina glasi mbili za maji mashine ikiwa bado inazunguka, inajisuuza yenyewe. Halafu ufungue, usugue chujio papo hapo kwa brashi, kwa nje na kwa ndani, likiwa bado bichi. Ni dakika tatu. Likishakauka ndiyo mnaanza kutafuta sindano.

Jirani Mwema:

Anayekunywa. Ndiye mwenye faida.

Mzee wa Jagi:

Anayekunywa akishakunywa humuoni. Anayekamua aoshe.

Asali Chungu:

Wakuu, turudi kidogo kwa yule wa aproni. Mdogo wangu anasema ameongeza kikaragosi cha nne.

Bwana Chujio:

Dada subiri kwanza, hili la chujio halijaisha. Mama Brashi, na kama yamekauka tangu jana?

Mama Brashi:

Loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni nusu saa, usitie ya kuchemka, plastiki inapinda na halitakaa tena mahali pake. Usikwangue kwa kisu, utatanua tundu. Machicha yakigoma kabisa, tia limau kwenye hayo maji uliache usiku.

Chizi wa Limau:

Mmeniita?

Bingwa wa Blenda:

Chujio la chai unalisuuza kwenye bomba, sekunde tano. Nasema tu.

Jirani Mwema:

Bingwa, hujajibu unakaa wapi.

Bwana Chujio:

Nimeenda kuangalia. Liko kwenye sinki tangu jana mchana, na chini yake kuna jagi ambalo nalo halijaoshwa. Nimeloweka vyote. Mke wangu kapita nyuma yangu, kauliza kama karoti zimebaki.