Tupeane uzoefu: mabadiliko ya matiti, ni lini ya kawaida na ni lini ya kumwona daktari?

Mwanzisha mada, Masasi
Ndugu zangu wa Kusini, naomba tuzungumzie jambo ambalo unyagoni tulizungukwa nalo pande zote bila lenyewe kutajwa. Nina miaka 36, na kila mwezi, kama wiki moja kabla ya hedhi, matiti yangu yote mawili hujaa na kuuma, hasa upande wa kwapani, na nikiyapapasa nahisi vinundu vinundu kama mfuko wa njugu mawe. Damu ikishaanza kutoka, hali hiyo huisha. Nililala na hofu kwa miaka, hadi muuguzi wa zahanati aliponieleza kwamba hizo ni homoni za mzunguko, na kwamba wakati mzuri wa kujipapasa ni siku chache baada ya hedhi, titi likiwa limelainika. Sasa hujipapasa bafuni, sabuni ikiwa bado mwilini, kwa matumbo ya vidole vitatu, kuanzia kwapani hadi kwenye chuchu. Wenzangu mmepitia yapi?

Mchangiaji, Nachingwea
Shikamooni. Nina miaka 22. Mwaka jana niligusa kinundu laini, mviringo, kisichouma, kinachoteleza kila nikikibonyeza. Mama hakutaka tusubiri. Nilipigwa altrasaundi, kisha nikachomwa sindano ya kuchukua kipimo, na daktari akasema si saratani, bali ni uvimbe unaowapata sana wasichana wa rika langu. Niliambiwa nirudi baada ya miezi sita, au mapema zaidi kikianza kukua. Hakijakua.

Mama wa mtoto mchanga, Lindi mjini
Langu lilikuwa la kunyonyesha. Mtoto akiwa na wiki tatu, titi la kushoto lilikuwa jekundu na la moto, nami nikapata homa na kutetemeka. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alinikataza kunyonyesha upande huo, lakini muuguzi akasema niendelee, kwa kuwa maziwa yakikwama ndipo tatizo linapozidi. Nilipewa vidonge, nikapona. Aliniagiza kwamba wekundu usipoondoka baada ya dawa nirudi upesi, kwa sababu ipo saratani inayojitokeza kwa sura hiyohiyo.

Mchangiaji, Newala
Nawashukuru nyote, ila naona simulizi zote zina maumivu au hofu iliyomfikisha mtu hospitali mapema. Ya shangazi yangu haikuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa amekwisha koma hedhi zamani alipogusa uvimbe mgumu usiosogea, na kwa kuwa hauumi, akaamini kuwa alipigwa na tawi la mkorosho. Ulikuwa msimu, korosho zimeanguka, na alisema angekwenda malipo ya mnada yakishatoka. Malipo yalipotoka, chuchu ilikuwa imevutwa ndani na ngozi ya juu yake imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Kituo cha kwanza kilimpa dawa za kutuliza maumivu, mtu aliyekwenda akilalamika kwamba haumwi! Baadaye alipata rufaa, na hatimaye akafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Titi liliondolewa, akawekewa dripu za dawa kwa miezi, na yu hai.

Mchangiaji, Kilwa
Je, sisi wanaume tumo? Na ni kweli kwamba uvimbe ukiguswa na sindano husambaa?

Mwanzisha mada, Masasi
Kaka, mmo, ingawa ni kwa nadra. Uvimbe chini ya chuchu ya mwanamume nao upelekwe kwa daktari. Kwa wote, msisubiri mpaka uvimbe uanze kuuma. Nendeni mkiona kinundu kipya kinachobaki hedhi ikishapita, uvimbe kwapani, damu ikitoka kwenye chuchu moja, au kidonda cha chuchu kisichopona. Titi moja kuwa kubwa kidogo tangu ujana ni maumbile. Likibadilika ghafla ukubwani, hilo ni jambo jingine. Anzeni zahanati, na mkipewa rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, karatasi isilale kabatini. Swali lako la sindano, dada wa Newala atakujibu.

Mchangiaji, Newala
Shangazi naye alitishwa hivyo na majirani. Daktari alimweleza kwamba sindano haisambazi saratani, na kwamba bila kipimo kile asingejua ampe dawa gani. Jioni ileile alibandua plasta mbele yetu ili tuone palipochomwa. Palikuwa na alama ndogo, kama ya kung'atwa na mbu.