Naomba ushauri: mkono wa pleya unavutwa kuelekea katikati ya santuri

Binti wa Kitete (Tabora)
Habari za jioni, ndugu zangu. Marehemu baba, aliyefanya kazi reli hapa Tabora hadi alipostaafu, alituachia pleya na kasha la santuri ndogo za 45, nyingi zikiwa za Kiko Kids na Tabora Jazz. Jumapili mama anatimiza miaka 80, na ombi lake ni moja tu: azisikie santuri hizo kwenye pleya ile ile, si kwenye simu. Tatizo ni kwamba spika ya kulia inakwaruza, hasa mwimbaji anapopandisha sauti, na mara nyingine mkono unateleza wenyewe kuelekea katikati. Nimeambiwa kwamba kinachohusika ni antiskeiti, yaani kifaa cha kuzuia mkono usivutwe ndani. Kwangu ni uzi mwembamba wenye kizito kidogo, unaofungwa kwenye kijiti chenye mikato mitatu nyuma ya mkono. Kizito chake kilipotea, nami nimefunga nati. Je, nati hiyo iwe na uzito gani?

Mzee wa Stesheni
Poleni kwa msiba, mwanangu. Sisi tulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri za 78, na sindano ya chuma tuliibadilisha kila upande mmoja ulipokwisha, kwa maana ukiipitisha mara ya pili ilikuwa inachimba. Hatukujua antiskeiti, lakini heshima ya kutunza chombo tulikuwa nayo. Anza kwa kufuta vumbi, kisha uliza mengine.

Mama Asali
Mimi naona utafute mtu akunakilie nyimbo zote kwenye flashi, mama asikilize bila wasiwasi. Sisi tuliacha za marehemu mjomba darini karibu na bati, joto la Oktoba likazikunja zote.

Fundi wa Ujiji (Kigoma)
Dada, swali lako lina jibu, ila lina sharti. Kichwa cha mkono kimepindishwa kuelekea ndani kwa nyuzi 20 hadi 25 ili sindano ifuate mfereji wa santuri vizuri. Kwa sababu hiyo, msuguano wa santuri inayozunguka hauvuti kwenye mstari wa egemeo la mkono bali pembeni yake, na mkono unasukumwa ndani. Sindano inaulalia ukuta wa ndani wa mfereji, ambao ndio wa sauti ya kushoto, na kuugusa kwa mashaka ule wa nje, wa kulia. Hapo ndipo mkwaruzo wako unapotoka. Msukumo huo ni takriban sehemu ya kumi ya mgandamizo wa sindano: gramu 2 zinaleta gramu 0.2 hivi. Ikiwa sindano iko sentimita 22 kutoka kwenye egemeo na mkato uko sentimita 1, nati ya gramu 4 au 5 inatosha. Je, sindano yako inagandamiza gramu ngapi?

Binti wa Kitete
Asante, kaka. Inagandamiza kawaida tu. Nati yangu ni ya gramu 5, lakini mkwaruzo haujapungua.

Fundi wa Ujiji
"Kawaida" si kipimo, dada. Mpelekee sonara yeyote, akuazime mizani yake ndogo, ushushe sindano juu yake polepole.

Binti wa Kitete
Nimepima. Ni gramu 6. Naomba mnielewe: mkono ulikuwa unarukaruka, kwa hiyo mwezi uliopita nilibandika sarafu juu ya kichwa kwa selotepu, na kuruka kukakoma. Sikuona kwamba ina uhusiano na antiskeiti. Tena nimekwisha kumpa fundi wa hapa arabuni. Jumamosi anakuja kutoboa kitako cha pleya afunge kijiti kirefu zaidi, ili uzi ubebe nati kubwa. Kama msukumo umeongezeka, kuongeza kizito si ndiyo dawa?

Fundi wa Ujiji
Kwa hesabu tupu, ndiyo. Lakini sindano nyembamba iliyotengenezwa kwa gramu 2 ikigandamizwa kwa gramu 6 inakula santuri, na nati kubwa itaifanya iile kwa usawa pande zote mbili. Sarafu iliziba dalili. Tafuta kwa nini mkono uliruka.

Mdadisi wa Igunga
Samahani, mimi siamini kisa hiki. Santuri za bendi zetu za miaka ya 60 nyingi ni mono, sauti moja kwa spika zote mbili. Mkwaruzo wa kulia peke yake utatoka wapi? Naona mtu ametunga habari ya mama na ya marehemu ili tumhurumie.

Binti wa Kitete
Baba yangu nimemzika mwenyewe, ndugu. Sina sababu ya kumtumia kutunga.

Fundi wa Ujiji
Mdadisi, santuri ni mono, lakini katriji, kile kidude kinachoshika sindano, ni ya stirio, yaani ya sauti mbili, na inasoma kila ukuta wa mfereji peke yake. Kuta zote mbili zinabeba sauti ile ile, kwa hiyo ukisikia tofauti kati ya kushoto na kulia, kosa liko kwenye mkono au kwenye ukuta uliokwisha kulika. Hakuna santuri nzuri kuliko ya mono kwa kurekebisha antiskeiti kwa sikio. Dada, toa sarafu, fungua uzi, kisha sogeza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee bila kupanda wala kushuka.

Binti wa Kitete
Haukuelea. Uzito wa nyuma unateleza, kwa sababu mpira wake wa ndani umepasuka na kuwa kama unga mweusi. Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivingirisha humo, umeshika. Nimeweka gramu 2 kwa mizani ya sonara na nati ya gramu 5 kwenye mkato wa pili. Spika mbili sasa zinaimba sawa, isipokuwa santuri tatu alizozipenda mama kuliko zote, ambazo mimi nimezipiga mwezi mzima na sarafu juu. Hizo bado zinakwaruza kulia. Fundi nimemwambia asije na drili, na arabuni nimemwachia.