Mboji kwenye ndoo inanuka na imejaa funza, nifanyeje?

Mama Mchicha: Jamani habari zenu, nipo Dar, nina ndoo ya lita 20 natupia maganda ya ndizi, viazi, mabaki ya ugali na dagaa, sasa wiki ya tatu inatoa harufu kama choo na funza wamejaa, jirani ameshaanza kulalamika. Nimwage nianze upya?

Shamba la Uani: Usimwage dada! Hiyo imelowa sana na hewa haipiti. Toboa matundu chini na pembeni, halafu changanya vitu vikavu, majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa au maranda ya mbao, kila kopo moja la maganda weka makopo mawili matatu ya vikavu. Ukikamata mkononi ukaminya isichuruzike maji, iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kila wiki. Na dagaa acha kabisa, ndio wanaita inzi na panya.

Babu Kuku: Hao funza kama ni wakubwa, bapa, rangi ya kahawia, wape kuku, wanawapenda mno. Mimi kwangu hawafiki jioni.

Mama Mchicha: Asanteni sana, maranda nitapata kwa fundi seremala hapa mtaani. Itaiva lini?

Shamba la Uani: Kwa joto letu miezi miwili mpaka mitatu hivi, ukiona nyeusi, inanukia udongo wa mvua na maganda hayaonekani tena basi weka kwenye mchicha.